Mwandishi wa Hadithi Hula Nini?

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Nne

Kila mwaka jarida letu huwa na somo la sarufi, somo la ushairi na somo la methali, na mwaka huu pia hayo yamo katika kurasa nyingine. Mimi nimeomba ruhusa kwa mwalimu mlezi niandike somo la aina tofauti, somo ambalo halimo katika silabasi lakini limo vichwani mwa wengi wetu. Swali lenyewe ni hili: mtu akitaka kuwa mwandishi wa riwaya na hadithi fupi, tena kwa maisha yake yote, atakula nini?

Swali hili si la mzaha. Sisi wa Kidato cha Nne tumeshaanza kufikiria kozi za vyuo, na nyumbani nilipotaja kuwa nataka kuandika vitabu, mjomba wangu aliniuliza, "Sawa, na kazi je?" Hapa shuleni nako, dada mmoja wa Kidato cha Tatu ambaye hadithi zake zikisomwa kikaoni hata wale wa viti vya nyuma huacha kupiga soga, ameniambia kuwa ameacha kuandika. Kisa na maana? Ameambiwa kwao kwamba waandishi hufa maskini. Kwa upande wa pili nawajua vijana wawili ambao wameshachagua rangi ya gari watakalonunua riwaya yao ikishakuwa kitabu teule cha mtihani.

Kwa maoni yangu, aliyeacha kuandika na wanaochagua rangi ya gari wana wazo moja lililofanana. Wote wanaona uandishi kama bahati nasibu: ama unashinda, ama unalala njaa. Katika somo hili nitajaribu kuonyesha kuwa uandishi unafanana zaidi na shamba, tena shamba la huku kwetu.

1. SHAMBA LA HUKU KWETU

Anayetoka Molo, Elburgon, Njoro au Mau Narok atanielewa mbio. Huku kwetu mkulima mwenye akili hategemei kitu kimoja. Nyanya yangu ana ekari mbili karibu na Elburgon. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na hao humpa pesa za kila mwezi. Si nyingi, lakini zinafika. Ana viazi, ambavyo hukaa ardhini miezi mitatu au minne. Msimu mmoja bei inapanda, msimu mwingine gunia linachukuliwa na dalali kwa bei ya kutupa. Na kando ya ua ana miti ambayo babu aliipanda kabla mimi sijazaliwa. Miti ile haikumlisha mtu kwa miaka mingi, lakini ilipokatwa ilitoa mbao za nyumba nzima na salio la karo juu.

Mbona basi hakupanda miti shamba lote? Kwa sababu angekufa njaa akiingojea. Na mbona hakufuga ng'ombe tu? Kwa sababu maziwa ya leo huisha leo. Siri ya shamba ni kwamba maziwa yanaipa miti nafasi ya kukomaa. Asingekuwa na maziwa, angeikata ingali michanga auze kuni.

Sasa shikeni mfano huo. Kwa mwandishi, maziwa ni kazi inayoleta pesa za kila mwezi. Viazi ni hadithi fupi, makala, tamthilia za redio na vitabu vidogo vya watoto, ambavyo hukomaa upesi na kuleta pesa ndogo ndogo. Miti ni riwaya. Tuyatazame moja baada ya jingine.

2. MAZIWA: KAZI YA KILA MWEZI

Watu wengi hudhani mwandishi wa kweli ni yule aliyeacha kila kitu akajifungia chumbani na kalamu. Hebu tuwatazame wale tunaowasoma.

Shaaban Robert, aliyeishi kati ya 1909 na 1962, alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika. Alianzia katika idara ya forodha, na katika miaka yote ile ya ukarani alikuwa akiandika. Waama, sehemu kubwa ya fasihi yetu ya kisasa iliandikwa na mtu aliyekuwa na mkubwa wa kazi anayemngoja ofisini asubuhi.

Margaret Ogola, aliyetuachia The River and the Source mwaka 1994, alikuwa daktari wa watoto. Alifanya kazi hiyo ya udaktari na kuwahudumia mayatima wenye virusi vya ukimwi, na bado akaandika I Swear by Apollo mwaka 2002 na Place of Destiny mwaka 2005. Kazi haikuiua kalamu yake. Tena ukisoma riwaya hizo utaona jinsi hospitali ilivyomletea mambo ya kuandika.

Said Ahmed Mohamed wa Utengano alikuwa mwalimu kule Zanzibar, na baadaye akawa profesa hadi Japani na Ujerumani. Mzanzibari mwenzake, Abdulrazak Gurnah, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Tuzo ya Nobel ilimjia mwaka 2021, akiwa na riwaya kumi. Hesabuni wenyewe: ni miaka 34. Angekuwa anaingoja Nobel imlipie kodi ya nyumba, si angefukuzwa na mwenye nyumba zamani?

Ken Walibora, ambaye kila mmoja wetu anamjua, alikulia Cherangani, kule Trans Nzoia. Sauti yake ilisikika kwanza na wengi kupitia utangazaji wa habari katika KBC, na baadaye akafundisha vyuo vikuu Marekani na hapa Kenya. Mtu huyo huyo ndiye aliyetupa Siku Njema mwaka 1996.

Na tusiende mbali. Kinyanjui Kombani, mwana wa kaunti hii yetu ya Nakuru, aliandika The Last Villains of Molo, riwaya kuhusu ghasia za kikabila za mwaka 1992, iliyotoka mwaka 2004. Kwa miaka mingi alikuwa mfanyakazi wa benki, hata magazeti yakampa lakabu ya mwana benki anayeandika. Mchana hesabu, usiku hadithi.

Sisemi kwamba hakuna anayeishi kwa kalamu peke yake. Wapo, lakini ni wachache, na aghalabu walifika hapo baada ya miaka mingi ya kuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Na kazi je?" usikasirike. Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba utakuwa na kazi na utaandika. Lililo muhimu ni kuchagua kazi isiyokukamua hadi tone la mwisho. Mimi nimemjibu mjomba kwamba nitaomba ualimu wa Kiswahili na Historia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo anaielewa.

3. VIAZI: KAZI FUPI FUPI

Viazi huingiza pesa kidogo, lakini faida yao kubwa ni mbili: vinakufundisha kazi na vinakujulisha kwa watu.

Mfano mzuri ni mtoto wa mji huu. Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971 na kusoma katika shule ya msingi ya Moi papa hapa. Alipokuwa Afrika Kusini alijishughulisha na mapishi na kuandika makala za vyakula na safari. Hayo ni maandishi ambayo wengine wangeyadharau, ati mtu anaandika kuhusu sufuria. Lakini ni katika kuandika vipande kama hivyo ndipo alipoupata mkono wake. Mwaka 2002 kazi yake fupi, Discovering Home, ilishinda Tuzo ya Caine. Mwaka uliofuata, 2003, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Kwani?, na mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo ile ile kwa hadithi iliyotoka katika jarida hilo. Kitabu kikubwa cha Binyavanga, One Day I Will Write About This Place, ambacho ndani yake mna Nakuru tele, kilitoka mwaka 2011. Miaka tisa ya viazi, ndipo mti. Alifariki mwaka 2019.

Upande wa Kiswahili nako viazi vinapandwa. Tazameni diwani zetu za hadithi fupi kama Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Walibora na Said Ahmed Mohamed, au Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Ndani yake mna majina makubwa na majina ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuyasikia. Mwandishi mchanga aliyeingiza hadithi moja katika diwani ya namna hiyo amesomwa na maelfu ya wanafunzi kabla hajachapisha kitabu chake mwenyewe. Taifa Leo nayo imekuwa ikichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka na mikaka. Vilevile, mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya Kiswahili iliyojulikana kwanza kama Mabati-Cornell na baadaye Safal-Cornell. Tuzo hiyo ilikubali hata miswada ambayo bado haijachapishwa, maana yake mtu asiye na mchapishaji alikuwa na mlango.

Angalizo: viazi vina magonjwa. Baridi ikizidi vinaungua, mvua ikizidi vinaoza. Hadithi yako itakataliwa, tena bila maelezo. Mkulima wa Molo haachi kulima kwa sababu ya msimu mmoja.

4. MITI: RIWAYA, NA HASA RIWAYA YA PILI

Hapa ndipo penye kiini cha somo langu. Sisi wanafunzi hupenda kuzungumza juu ya kitabu cha kwanza: nitakichapisha wapi, jalada litakuwaje, nitakizindua na nani. Lakini kitabu cha kwanza hakijamfanya mtu kuwa mwandishi wa maisha. Kitabu cha kwanza mtu huwa amekibeba tumboni tangu utotoni. Cha pili ndicho kinachouliza kama kisima kina maji.

Turudi kwa Walibora. Baada ya Siku Njema ya mwaka 1996 angeweza kustarehe. Riwaya ilipendwa, ikawa kitabu teule, kizazi kizima kikamjua Kongowea Mswahili. Hakustarehe. Mwaka 2001 akatoa Ndoto ya Amerika, kitabu kidogo cha watoto. Mwaka 2003 akatoa Kufa Kuzikana, juu ya urafiki unaojaribiwa na uhasama wa kikabila, jambo ambalo sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kufafanuliwa. Kisha hadithi fupi, vitabu vingine vya watoto, na mwaka 2012 Kidagaa Kimemwozea, ambayo nayo ikawa kitabu teule cha KCSE. Mwaka 2014 akaandika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Kati ya riwaya mbili zilizompa jina kubwa zaidi shuleni kuna miaka 16, na katika miaka hiyo hakuna wakati alipoitupa kalamu. Alipofariki Aprili 2020 watu walilia kwa sababu walikuwa wamemsoma tangu utotoni hadi utu uzima. Hiyo ndiyo maana ya kudumu.

Kombani naye alitoa riwaya ya kwanza mwaka 2004, na Den of Inequities ikaja mwaka 2013. Mwaka 2018 akatoa Of Pawns and Players, kuhusu kamari ya michezo inayowamaliza vijana. Mwaka huo huo wa 2018 alitunukiwa Tuzo ya Burt kwa Finding Colombia, kitabu cha vijana. Adam Shafi wa Zanzibar alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979, na miaka 20 baadaye, mwaka 1999, ikaja Vuta N'kuvute. Mwaka 2021 riwaya hiyo ikawa filamu. Profesa Clara Momanyi, ambaye Nguu za Jadi yake imetukosesha usingizi katika mitihani, alikuwa ameandika Nakuruto na vitabu vingine kabla yake, huku akifundisha chuo kikuu.

Mnaona mtindo? Miaka mitano, tisa, ishirini. Mti haukui kwa kelele. Na kwa sheria yetu, mti wa maandishi una maajabu yake: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya mwandishi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Kwa sheria ilivyo, Siku Njema italindwa hadi mwisho wa mwaka 2070. Kuna shamba gani jingine hapa Nakuru ambalo mtu hulipanda mara moja likazaa kwa miaka zaidi ya sabini?

5. HESABU YA MRABAHA

Sasa tuingie kwenye pesa, maana najua wengine wenu mmeruka hadi hapa.

Mchapishaji akikubali mswada wako, kwa kawaida ndiye anayegharimia uhariri, usanifu na upigaji chapa. Wewe hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Sehemu hiyo aghalabu ni asilimia 10 au zaidi kidogo, na hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka, si kila mwezi. Tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme kitabu kinauzwa dukani shilingi 500. Mwenye duka lazima apate faida, kwa hiyo tuseme mchapishaji anapokea shilingi 350. Mrabaha wa asilimia 10 ya pesa hizo ni shilingi 35 kwa kila nakala. Zikiuzwa nakala 1,000 kwa mwaka, unapata shilingi 35,000. Gawanya kwa miezi 12: ni shilingi 2,916 na senti kadhaa kwa mwezi. Hapo sasa unaona kwa nini nimesisitiza maziwa.

Lakini geuza hesabu. Kitabu hicho hicho kikiwa kitabu teule kikauza nakala 100,000, mrabaha ni shilingi 3,500,000. Mwaka 2023 watahiniwa wa KCSE walikuwa takriban laki tisa, kwa hiyo soko lipo. Ndiyo sababu kila mchapishaji hupenda kuuliza kama mswada wako unafaa shule, na kama Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, itauidhinisha. Ubaya wake ni kwamba riwaya teule ya Kiswahili huwa moja kwa kipindi cha miaka kadhaa, na waandishi ni wengi. Mwenye kuandika akilenga hiyo tu ni sawa na mkulima aliyepanda miti ekari zote mbili.

Kuna wanaochagua kujichapishia. David Maillu alifanya hivyo mapema miaka ya 1970 kwa kampuni yake, Comb Books, na vitabu vyake vikanunuliwa kama njugu. Ukijichapishia faida yote ni yako, lakini hasara pia ni yako, na itakubidi uwe mhariri, mbeba maboksi na mchuuzi. Huo ni ufugaji wa ng'ombe mwingine kabisa.

6. SOMA MKATABA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Jirani yetu mmoja huku mtaani, mwalimu mstaafu, aliandika hadithi za watoto miaka mingi iliyopita. Mchapishaji mmoja akamlipa pesa za mara moja, akatia sahihi, akanunua baiskeli. Vitabu vile vikapigwa chapa tena na tena. Yeye hakupata hata ndururu nyingine, kwa kuwa karatasi aliyoitia sahihi ilisema ameuza haki zote. Mchapishaji hakuvunja sheria yoyote. Mzee huyo akizungumza juu ya jambo hilo hucheka, lakini ni kicheko cha mtu anayejikaza. Baiskeli ilichakaa zamani. Vitabu vyake nimevikuta katika darasa la mdogo wangu.

Kwa hiyo, siku yako ikifika, uliza maswali haya:

(a) Ninauza haki zote, au ninampa mchapishaji ruhusa ya kuchapisha huku hakimiliki ikibaki yangu?
(b) Asilimia ya mrabaha ni ya bei ya dukani au ya pesa anazopokea mchapishaji? Tofauti ni kubwa, kama tulivyoona katika hesabu.
(c) Nitaletewa taarifa ya mauzo lini, na mara ngapi kwa mwaka?
(d) Nani ana haki ya tafsiri, redio na filamu? Vuta N'kuvute ilikaa miaka 22 kabla ya kuwa filamu, na Paradise ya Gurnah, ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Huwezi kujua mti wako utatoa tawi upande gani.
(e) Kitabu kikiacha kuchapishwa, haki zinanirudia baada ya muda gani?

Msione haya kuuliza. Mchapishaji mwema hakasirishwi na maswali, naye hukupa muda wa kuipeleka karatasi kwa mtu anayejua sheria.

7. SISI WASOMAJI NDIO MVUA

Kuna jambo moja ambalo halingojei tumalize shule. Mnajua zile nakala za vitabu teule zinazouzwa bei rahisi, karatasi nyepesi, wino unaobaki vidoleni, kurasa mbili tatu zimekosekana? Na mnajua mtindo wa darasa zima kununua kitabu kimoja halafu kikapigwa fotokopi. Kwa nakala kama hiyo mrabaha ni sufuri. Zile shilingi 35 hazipo. Mwandishi aliyeamka alfajiri kwa miaka minne hapati kitu, na mwenye mashine anapata.

Najua pesa ni ngumu. Wengi wetu karo yenyewe inalipwa kwa vipande. Lakini zipo njia za halali. Watu wawili au watatu wanaweza kuchangiana kununua kitabu kimoja halisi. Kuna maktaba ya umma hapa Nakuru. Vitabu vilivyotumika, vya waliomaliza, vinauzwa bei nafuu, na hivyo mwandishi alishalipwa vilipouzwa mara ya kwanza. Tukitaka kesho watu wanunue vitabu vyetu, tuanze sisi. Mkuki kwa nguruwe, jamani, kwa binadamu mchungu.

8. MAMBO YA KUANZA NAYO HAPA SHULENI

Kwanza, weka kiasi. Maneno 300 kwa siku ni kama ukurasa mmoja na nusu wa daftari. Ukiandika siku tano kwa juma, kwa majuma 36 ya shule, unafikisha maneno 54,000. Hiyo ni riwaya nzima, na hujakosa prepu hata moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, maliza. Hadithi kumi zilizoanzwa hazina thamani ya moja iliyokwisha, kwa sababu kumalizia nako ni ujuzi unaojifunza kwa kumaliza.

Tatu, andika upya. Nakala ya kwanza iweke kabatini juma moja, kisha uisome kama vile imeandikwa na mtu usiyempenda. Utaona makosa yote.

Nne, tafuta msomaji mkweli. Rafiki anayesema "poa sana" kwa kila kitu hakusaidii. Mtafute yule anayekuuliza, "Kwani huyu Juma si alikufa ukurasa wa tatu?"

Tano, andika yaliyo hapa. Riwaya nyingi za Kiswahili zina bahari, minazi na mashua, nazo ni tamu. Lakini nani ameandika juu ya vumbi la Lanet, magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara Mau Summit, wachuma maua wa Naivasha, au jinsi maji ya Ziwa Nakuru yalivyopanda hadi yakala lango la mbuga? Kiswahili cha huku kina ladha yake. Mchapishaji ana miswada mingi ya bahari. Ya kwetu anaingoja.

Sita, panga maziwa yako mapema. Fanya bidii katika masomo yote, hata hisabati, kwa maana siku moja utasoma taarifa ya mrabaha na itakubidi ujue kama imejumlishwa sawasawa.

Wasomaji wapenzi, wino unaniishia na mhariri ameshanionya kuhusu kurasa. Kama una hadithi uliyoiweka chini ya godoro kwa sababu mtu alikuambia waandishi hufa maskini, itoe. Kikao chetu ni kila Ijumaa baada ya masomo. Lete kurasa zako, lete na kalamu nyekundu. Kiswahili kitukuzwe!

ZOEZI LA KIKAO

1. Kitabu kinauzwa shilingi 600. Mrabaha wa mwandishi A ni asilimia 10 ya bei ya dukani. Mrabaha wa mwandishi B ni asilimia 12 ya pesa anazopokea mchapishaji, ambazo ni shilingi 400. Nani amepata mkataba bora, na kwa shilingi ngapi kwa kila nakala?
2. Taja kazi tatu ambazo kwa maoni yako zinampa mtu muda na nguvu za kuandika. Taja moja isiyofaa, ueleze kwa nini.
3. "Afadhali kitabu kiibwe kisomwe kuliko kikae dukani." Jadilini, upande mmoja ukiunga mkono na mwingine ukipinga.
4. Andika aya moja ya hadithi inayotokea katika soko, steji au shamba unalolijua hapa Nakuru au viungani mwake. Isizidi maneno 150. Zitasomwa kwa sauti.